Mafuta ya Sajini

Wifi yangu simpendi, naye hanipendi, na kama ulitaka kusikia habari za mawifi wanaokumbatiana, hapa umekosea mlango. Nasimulia habari zake kwa sababu kuna jambo nilimfanyia, na wa kulisema vizuri, tangu mwanzo, ni mimi peke yangu.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Watu wote wanamwita Sajini, hata msimamizi wake kazini, na yeye anaitika. Ni mrefu, mkavu, shingo imenyooka, na akikutazama lazima uangalie kama vifungo vyako viko sawa. Aliwahi kuolewa, miezi minane tu. Yule bwana alirudi kwao akisema yeye alitafuta mke, hakuomba kukaguliwa. Sajini mwenyewe ukimuuliza habari za ndoa ile anakujibu kwamba mwanamume hakuwa anakunja taulo, na hapo mazungumzo yameisha.

Kazi yake ni ufuaji. Kuna jengo refu nyuma ya hospitali, lenye madirisha ya juu na mvuke usiokwisha, ambako wanawake kama thelathini wanafua mashuka ya hospitali na taulo za nyumba za wageni. Sajini aliingia pale akiwa na miaka kumi na tisa, wakamweka kwenye matangi ya kulowekea, mikono ndani ya maji ya dawa tangu asubuhi mpaka jioni. Akapanda kwenye mashine. Sasa ni mkuu wa meza ya kupiga pasi, na shuka likipita mbele yake na kunyanzi moja linarudi lilikotoka, na aliyelileta anarudi nalo akiwa amesemwa.

Mimi ni fundi cherehani. Siku mume wangu aliponipeleka kunitambulisha, Sajini hakunisalimia. Alishika pindo la gauni langu, nililolishona kwa mikono yangu kwa ajili ya siku ile, akaligeuza ndani nje, akaniuliza, "Hapa ulikuwa umesinzia?" Mume wangu akacheka. Tangu siku ile mpaka leo sijawahi kukaa naye chumba kimoja nikajisikia mtu mzima.

Sasa habari za maua. Dawa ya kutolea madoa haina huruma na mikono. Ngozi inapasuka katikati ya vidole, inamenyuka, na mwanamke akirudi nyumbani hawezi hata kukamua ndimu. Mama yao, mama mkwe wangu, marehemu, alikuwa mfuaji wa nguo za watu majumbani, na naye alipanda maua ya kujitengenezea mafuta ya mikono, kama alivyofanya mama yake. Sajini alichukua mbegu za nyumbani akazipanda kwenye kipande cha udongo nyuma ya jengo, kati ya ukuta na bomba la maji moto. Ni maua ya rangi ya chungwa iliyokolea, yenye petali nyingi nyembamba, na ukiyagusa yanaacha kitu cha kunata vidoleni. Nasikia vitabuni yana jina la heshima. Pale yanaitwa maua ya Sajini, basi.

Namna anavyoyatengeneza, hata mimi nisiyempenda nitakiri, ni kazi ya mtu mwenye akili zake. Hachumi asubuhi mapema, anangoja umande ukauke. Hachumi siku mvua imenyesha. Anayatandaza kivulini juu ya shuka kuukuu, ua moja moja, yasigusane, na anayageuza kila siku kwa siku kumi na mbili au zaidi. Halafu anachukua ua moja, analivunja kile kitako chake cha kijani, pale petali zinaposhikia, karibu na sikio. Likivunjika kwa mlio, limekauka. Likinyamaza, anarudisha yote kwenye shuka bila kubishana nalo. Yakishakauka anayajaza kwenye chupa ya kioo, anamimina mafuta ya alizeti mpaka yafunike, anaiweka chupa kwenye rafu iliyo juu ya bomba la moto, wiki sita. Anachuja kwa kitambaa mara mbili, anayeyushia nta ya nyuki, anamimina kwenye vikopo. Hauzi. Mwenye mikono mibovu anapewa, na anapewa na maneno yake.

"Haya hayaponyi," huwaambia. "Yanatuliza. Ukiwa na kidonda kilicho wazi nenda zahanati, usiniletee mimi usaha wako."

Binti yangu, Kidege tunamwita, alizaliwa na ngozi safi kabisa. Alipofika miaka miwili yakaanza. Viwiko, nyuma ya magoti, shingoni. Zahanati muuguzi akatuambia ni pumu ya ngozi, akatupa dawa ya kupaka, akatuonya tuache sabuni zenye manukato na tusiache ngozi ikauke. Tulifuata. Ilipungua, ikarudi. Ikapungua, ikarudi. Mtoto alikuwa anajikuna mpaka shuka linakuwa na vitone vya damu, na mimi nilimkata kucha mpaka nikawa namuumiza. Shuleni, mtoto waliyekaa naye dawati moja akaomba ahamishwe. Kidege akaniambia yeye mwenyewe, macho makavu, kama mtu anayesoma habari ya wengine. Alikuwa na miaka sita. Ndugu msikilizaji, hakuna kitu nilichokuwa nakitaka duniani zaidi ya ile ngozi itulie.

Jumamosi moja Sajini akaja kwetu. Hodi hakupiga. Akamvuta mtoto dirishani kwenye mwanga, akamgeuza mkono huku na huku, akamnusa.

"Mtoto mnamwogesha na nini? Ananuka saluni."

"Ni sabuni ya kawaida, wifi."

"Kawaida ya nani? Muuguzi alisema nini, wewe ukasikia nini?"

Kweli ilikuwa na manukato kidogo. Nilidhani kidogo si kitu. Akatoa kikopo mfukoni, akaanza kumpaka taratibu, pale ngozi ilipokuwa nyekundu lakini haijachanika, akiacha penye kidonda. Wee, vidole vile vilivyozoea kukung'uta mashuka vilikuwa vinamgusa mtoto kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake kabla. Kidege akalala mchana ule saa mbili nzima bila kujikuna. Ningepaswa kumshukuru. Nilikaa jikoni roho inaniuma, kwa sababu nilichohangaika nacho miaka minne yeye amekimaliza akiwa amesimama.

Ukaanza utaratibu wake. Kila Jumamosi ya pili nimpeleke mtoto pale kufulia saa ya mapumziko. Atamkagua, atanipa kikopo cha kunifikisha Jumamosi nyingine ile, si zaidi. Na ukaguzi wenyewe mbele ya wanawake wote, wamekaa juu ya marundo ya taulo na vikombe vyao vya chai.

"Nani kamvalisha sweta ya sufi? Fundi wa nguo hajui sufi inawasha?"

"Kulikuwa na baridi, wifi."

"Baridi! Jamani njooni mumwone fundi. Nguo za wateja anazijua, za mwanawe hazijui."

Wanacheka. Si kwa ubaya, nafikiri sasa, walikuwa wanacheka kwa sababu na wao huchekwa hivyo hivyo. Lakini mimi nilikuwa nikitoka pale masikio yanawaka. Miezi saba nilijikaza kisabuni. Ngozi ya Kidege ilikuwa imetulia, dawati lake lilikuwa limepata mwenzake, na mimi kila Jumamosi ya pili nilikuwa navuliwa nguo hadharani.

Siku moja nikamwomba anifundishe. Nilimwomba kwa adabu, nikamwita dada, si wifi. Alinitazama tangu viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Wewe? Wewe chai huwezi kuingoja ipoe, nakuona unavyoungua ulimi hapa kila ukija. Utaweza kungoja ua?"

Walicheka sana siku ile. Mama Taulo, anayekunja taulo, alicheka mpaka akamwaga chai yake. Nikasema moyoni, haya, tutaona.

Nilimwibia. Nitumie neno lake. Jumamosi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Nilifika mapema makusudi, yeye yuko ndani kwenye meza yake, nikamwacha mtoto getini kwa mlinzi, nikazunguka nyuma ya jengo na mfuko wangu wa vitambaa, nikachuma maua mpaka mfuko ukajaa. Yalikuwa bado na matone. Halafu nikaingia na mtoto kwa mbele, nikakaguliwa, nikatukanwa, nikapewa kikopo, na safari hii hata haikuniuma, kwa kuwa mfuko ulikuwa begani.

Siku kumi na mbili za kukausha sikuwa nazo. Yaani nilikuwa nazo, ila sikuwa na moyo wa kuzingoja, na mume wangu angeuliza maua yanafanya nini juu ya kitanda. Lakini mimi ni fundi, nina pasi. Nikayapanga maua katikati ya karatasi za kukatia mitindo, nikayapiga pasi. Petali zilikauka palepale, zikawa zinavunjika vizuri. Nikaziweka karibu na sikio kama afanyavyo Sajini, nikazisikia zinalia, nikacheka peke yangu chumbani. Mwanamke yule anachukua siku kumi na mbili, mimi nimechukua mchana mmoja! Kitako cha ua sikukivunja. Nilisikiliza petali tu. Kumbe kule ndani, kwenye kile kijani kinene, maji yalikuwa yamejaa tele.

Nikatia kwenye chupa, nikamimina mafuta, nikaweka dirishani. Wiki sita pia nikaona ni za watu wasio na shughuli. Baada ya siku kumi na tatu nikachuja, nikachanganya na nta. Yalikuwa na kiharufu, kama kitambaa cha kufutia meza kilichosahaulika kwenye ndoo. Nikajiambia ndiyo harufu ya maua hiyo. Kikopo cha Sajini kilikuwa kimekwisha, nikakiosha, nikatia yangu humo. Jumamosi ya kwenda kwake ilipofika nikatuma ujumbe kwamba mtoto ana mafua. Sikwenda. Nilijiona nimetoka jela.

Siku tatu nilimpaka. Na nilimpaka kila mahali, penye kidonda na pasipo na kidonda, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunikataza. Siku ya kwanza akasema yanawasha. Nikamwambia utazoea. Siku ya tatu mikono ilikuwa imevimba, imetoa vijipu vyenye maji ya njano, na mwili wake ulikuwa wa moto. Mume wangu akambeba mpaka zahanati, mimi nyuma na kikopo kwenye mfuko, maana nilijua wataniuliza.

Muuguzi alikifungua, akakinusa, akakirudisha mbali na uso.

"Haya yameoza. Mmempaka mtoto uchafu juu ya ngozi iliyochanika, vijidudu vimeingia. Mngechelewa kidogo ingekuwa habari nyingine."

Mume wangu akakichukua kile kikopo, akakigeuza. Alikijua.

"Si hiki ni cha dada?"

Nikasema, "Ndiyo."

Ni hilo neno moja. Kusema kweli hakunilazimisha mtu, wala sikupanga. Nilikuwa na nafasi ya kusema la, mume wangu ni mpole, angenifokea na yakaisha. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilipotoka niliona ni tamu.

Mume wangu anapima mizigo kwenye ghala, ni mtu asiyepaza sauti hata akiona mpira. Siku ile alitoka zahanati akaenda moja kwa moja kufulia, saa ya mapumziko, wanawake wote wamekaa. Nilimwacha mtoto kwa muuguzi, nikamfuata. Sitaki kudanganya, nilitaka kuona.

Alimsuta dada yake mbele ya watu. Alimwambia kiburi chake kimemtia upofu, kwamba amejifanya daktari kwa watu wazima haikutosha, sasa anaozesha watoto. Alimwambia mama yao angekuwa hai angeona haya. Halafu akazunguka nyuma ya jengo akang'oa yale maua, kichaka baada ya kichaka, akayatupa kwenye njia ya maji machafu. Wanawake walikuwa wanaitazama mikono yao wenyewe. Msimamizi akatoka ofisini, akasikia mtoto amelazwa, akatangaza kwamba kuanzia leo hataki kuona kikopo wala ua katika eneo lake.

Sajini aliuliza jambo moja. "Mtoto yukoje?"

"Usimtaje," mume wangu akamjibu, akamrushia kile kikopo.

Alikidaka. Akakifungua, akanusa, na mimi nikajua sasa ananiumbua. Pua ile inalijua shuka lililooshwa kwa maji ya jana. Nikaanza kutafuta cha kusema. Lakini Sajini alinusa mara ya pili, na uso wake ukalegea, sijawahi kuuona uso wake umelegea.

"Yameoza," akasema polepole. "Yameoza kweli."

Nilingoja mdomo wake, haukuja. Akageuka akarudi kwenye meza yake. Na mimi nilifurahi. Mnitukane mnavyotaka, nilifurahi. Siku mbili nzima, nilipokuwa nimerudi nyumbani kufua nguo za mgonjwa, nilikuwa naimba.

Kidege alipona vile vijipu kwa dawa za zahanati. Siku kumi akarudi nyumbani. Lakini pumu ya ngozi haikuwa imekwenda popote, ilikuwa inamsubiri. Nikampaka dawa ya muuguzi, nikampaka mafuta ya mgando, nikatupa sabuni zote za manukato kama nilivyopaswa kufanya miaka mingi nyuma. Nafuu ilikuwepo, ila ile ya kulala usingizi bila kujikuna haikupatikana. Vitone vikarudi kwenye shuka.

"Mama, mafuta ya Shangazi yako wapi?"

"Yalikuumiza, huoni?"

"Yale ya zamani hayakuwa yananiumiza."

"Basi yaliharibika."

"Aliyaharibu Shangazi?"

"Ndiyo. Kunywa uji."

Dawati lake shuleni likawa na nafasi tena. Safari hii hata hakuniambia, niliambiwa na mwalimu.

Miezi miwili baadaye Mama Taulo akaja kwangu na gauni la kufupisha. Nilikuwa nalipiga pasi huku namwuliza habari za kazini, sauti nyororo, kama mtu asiye na kinyongo. Nilitaka kusikia Sajini ameshika adabu.

"Sajini?" akasema. "Sajini si yule tena. Haongei. Shuka linapita na kunyanzi na yeye kimya. Unajua alikuwa na chupa kumi na nne juu ya ile rafu? Alizishusha zote siku ile ile. Alifungua moja moja, akanusa, akamwaga. Tukamwambia dada, hizi nzuri, mbona unazimwaga? Akasema, pua yangu inasema nzuri, lakini hata kile kikopo pua yangu ilisema kizuri, maana nilikitoa kwa mkono wangu. Akasema pua yake imekufa na hajui imekufa lini."

Nikaendelea kubonyeza pasi.

"Halafu anatuuliza," Mama Taulo akaendelea. "Kila mtu. Anakushika mkono anauangalia, anasema, niambie ukweli, niliwahi kukuumiza? Tunamwambia hapana. Haamini. Anasema mnanionea huruma. Juzi alimwuliza mtu aliyeacha kazi miaka kumi iliyopita, alimfuata mpaka kwake. Watoto wa wenzake wakija pale hawagusi, anaweka mikono nyuma."

Gauni la Mama Taulo lilikuwa linatoa moshi. Nililiunguza, alama ya pasi katikati ya mgongo.

Miaka tisa nilikuwa nataka kumwona yule mwanamke ameinamisha kichwa. Nilikuwa nikishona naliwaza jambo hilo, namna atakavyokaa, namna nitakavyopita mbele yake. Sasa nimeletewa mpaka nyumbani, na sikulitaka. Angekuwa amenishuku mimi, akawa ananichukia, ningeweza kuishi vizuri tu. Lakini yeye alikuwa hanifikirii kabisa. Alikuwa anajifikiria yeye.

Mume wangu aliporudi kazini nikamwambia. Nilimwambia yote, mfuko, pasi, kikopo. Hakunifokea. Alikaa akitazama viatu vyake alivyokwisha kuvivua, halafu akavivaa tena.

"Kesho saa ya mapumziko," akasema. "Utasema pale pale niliposema mimi."

Usingizi sikuuona. Kesho yake tukaenda. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya taulo zao, na Sajini peke yake kwenye kona, amenyoosha miguu, kikombe kimepoa mkononi. Nilisimama katikati. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yote yakapotea.

"Yale mafuta hayakuwa yako," nikasema. "Nilikuibia maua, nikatengeneza mimi, nikatia kwenye kopo lako. Mtoto nilimwumiza mimi."

Mashine moja tu ilikuwa inazunguka kule ndani. Sajini aliweka kikombe chini. Nilijua atauliza kwa nini, kila mtu angeuliza kwa nini.

"Uliyakausha vipi?" akauliza.

"Eh?"

"Maua. Uliyakausha vipi?"

"Kwa pasi."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa pasi, wifi. Nilitia kwenye karatasi nikayapiga pasi."

Alisimama. Jamani, alisimama kama alivyokuwa akisimama zamani, shingo ile.

"Pasi! Ua unalipiga pasi kama kola ya shati! Na kitako? Kitako ulikivunja? Hukukivunja! Ulisikiliza nini, ulisikiliza petali, mjinga wewe, petali inakauka hata ukiipulizia! Ukayachuma lini, siku ya mvua, si ndiyo? Siku ya mvua! Miezi saba unakuja hapa na macho yote mawili, hayo macho ni ya urembo? Mwizi! Mwizi wa maua, hata wizi hujui, unaiba vitu vibichi!"

Wanawake wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote, Mama Taulo anajipiga mapaja. Sajini aliendelea. Alinitukana tangu mshono wa gauni la siku ile ya kwanza mpaka sweta ya sufi, alinitukana ulimi wangu ulioungua na karatasi zangu za mitindo, na mimi nilisimama nikasikiliza yote, na kila neno nililiona linamrudisha mtu mahali pake. Nilikuwa karibu kucheka na mimi.

Halafu sauti ikakatika. Akakaa juu ya rundo la mashuka machafu, yeye asiyewahi kukubali mtu akalie shuka hata chafu, akajifunika uso kwa aproni. Kicheko kikafa.

"Miezi miwili," akasema ndani ya aproni. "Miezi miwili nanusa mikono yangu mwenyewe."

Mume wangu alipiga magoti mbele ya dada yake na kulia. Mimi nilibaki pale katikati.

"Nisamehe, wifi," nikasema.

Akashusha aproni. "La."

"Wifi..."

"Nimesema la. Mtoto aletwe. Wewe ukome getini, mguu wako usivuke hapa nikiwa hai."

Wanawake walimwendea msimamizi wote thelathini, akaruhusu. Mbegu zilikuwa zimedondoka zenyewe siku yale maua yalipong'olewa, zikaota kando ya bomba bila kupandwa. Sajini alingoja siku zake zote kumi na mbili na wiki zake zote sita, hakupunguza hata moja kwa ajili ya mtu, na Kidege akapata kikopo chake. Ngozi yake ikatulia tena. Si kwamba imepona, imetulia, na inatutosha.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Kila Jumamosi ya pili nampeleka mpaka getini, nangoja nje kwenye jua, na mlinzi ameshazoea, ananiletea kiti. Sajini hajanisamehe na sidhani kama ana mpango huo. Tukikutana msibani ananipita. Ila jambo moja sikulitegemea kwake. Mdomo wote ule, na miaka mitatu yupo peke yake na mtoto chumbani akimpaka, hajawahi kumwambia. Sisi watu wazima wote tulijua, mtoto hakujua. Yeye alibaki akijua kwamba Shangazi alikosea mara moja, na alikuwa ameshamsamehe zamani, kwa hiari yake.

Jumamosi iliyopita alitoka mle ndani mikono inang'aa, akanishika mkono, tukaanza kuondoka. Ana miaka tisa na maswali.

"Mama, kwa nini huwa huingii?"

"Shangazi yako hataki."

"Kwa nini hataki? Nilimwuliza, akaniambia nikuulize wewe."

Ningeweza kusema lolote. Nina ulimi mwepesi, mmeshausikia. Nikamwambia. Nilimwambia habari za mfuko na pasi, na kile kikopo, na muuguzi alivyokinusa na baba yake alipouliza, na nilivyojibu.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa namsamehe Shangazi bure," akasema.

"Ndiyo."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayechukua kitu chake, akatangulia. Sikumwita. Nilitembea nyuma yake mpaka nyumbani.